SPRINGI ZA GARI LETU

Ndugu Wanaushirika,

Niliyoyasema mkutanoni Jumamosi nayaandika hapa kwa wale waliokuwa shamba.

Land Rover letu limelala upande wa kushoto, na kila shimo linagonga. Wengine wanasema tununue shokapu. Jamani, ngojeni kwanza! Shokapu haibebi gari, inatuliza tu mrusho wa springi. Ikivuja mafuta ndiyo tutaibadilisha. Gari linabebwa na springi, basi tuanzie huko. Fundi achomeke mtaimbo kwenye bushi, asukume. Chuma kikicheza ndani ya mpira, hiyo bushi imekwisha.

Pleti iliyokatika isichomelewe, hata kama ni bei rahisi. Moto unaua ugumu wa chuma cha springi. Itakatika tena pembeni ya kiraka, pengine usiku tumempakia mzazi kwenda hospitali. Tununue nyingine.

Na bushi mpya zisikazwe kabisa gari likiwa juu ya jeki. Lishushwe, lisimame kwa matairi yake, ndipo zikazwe. La sivyo mpira unajisokota, unachanika upesi.

Kazi ni Alhamisi. Vijana leteni magogo mazito: hakuna kuingia chini ya gari kwa kutegemea jeki peke yake.

Katibu