Mgeni na Jembe Lake: Maneno kwa Vijana Waendao Kusoma Ng'ambo



Wazee walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii yamhusu sana mwanafunzi aendaye kukaa katika nchi ya watu. Siku mbili za kwanza ni za kupokewa na kuonyeshwa njia. Siku ya tatu wenyeji hurudia kazi zao, naye mgeni hubaki na jembe lake mkononi. Hapo ndipo safari yake inapoanza.

Mnamo Septemba 1959, kwa juhudi za Bwana Tom Mboya na rafiki zake wa Marekani, ndege iliyokodiwa iliwachukua wanafunzi 81 kwenda kusoma katika vyuo vya nchi hiyo. Safari ziliendelea mwaka uliofuata. Miongoni mwa waliokwenda mwaka 1960 alikuwamo msichana wa Nyeri mwenye umri wa miaka 20, Wangari Muta, aliyesoma shule ya Loreto, Limuru. Baadaye dunia ilimjua kwa jina la Profesa Wangari Maathai.

Chuo chake kilikuwa Mount St. Scholastica, katika mji wa Atchison, jimbo la Kansas, kilichoongozwa na watawa wa Kibenedikti. Kutoka New York alisafiri kwa basi. Katika jimbo la Indiana wasafiri waliingia mkahawani kununua vinywaji baridi. Yeye na Waafrika wenzake wakaambiwa ya kwamba wanaweza kununua, lakini hawana ruhusa ya kuketi ndani. Yawapasa wakanywe nje. Hayo yalimkuta kabla hajafika chuoni. Sheria ya Marekani iliyokataza ubaguzi wa namna hiyo mikahawani ilipitishwa mwaka 1964, mwaka ule ule alipopata digrii yake ya kwanza.

Lakini huko Kansas watawa na wanafunzi wenzake walimpokea kwa wema, naye hakukataa wema huo kwa sababu ya uovu wa njiani. Hilo ndilo jambo la kwanza la kushika. Mgeni akifungiwa mlango mmoja, asidhani ya kuwa nyumba zote zimefungwa. Wala asijidanganye ya kuwa yote yako wazi.

Jambo la pili ni masomo yenyewe. Kijana wa Kenya hulelewa kunyamaza mbele ya wakubwa, na hiyo ni heshima. Lakini katika vyuo vingi vya ng'ambo, mwanafunzi asiyeuliza hudhaniwa hakusoma, au hakufahamu. Kumwuliza mwalimu, hata kumpinga kwa hoja na kwa adabu, si ufidhuli; ndiyo kazi aliyoendea.

Jambo la tatu ni baridi na upweke, navyo hutembea pamoja. Majani ya miti hugeuka rangi na kupukutika, jua hutua mapema, na mtu aliyezaliwa penye miti ya kijani mwaka mzima huona kana kwamba nchi imekufa. Nchi haikufa, imelala tu. Anunue koti zito, ale vizuri, atoke chumbani. Zamani barua ilichukua siku nyingi. Siku hizi simu humpa sauti ya mama yake usiku ule ule. Ni neema, lakini atakayekaa chumbani na simu kila jioni atakuwa hayuko nyumbani wala ng'ambo.

Jambo la nne ni gumu kuliko yote. Mara nyingi mwanafunzi huondoka kwa ng'ombe aliyeuzwa na kwa michango ya majirani. Kwa hiyo, akishindwa mtihani au akiishiwa fedha, huona haya kusema. Huandika ya kuwa yote ni mema, na kila barua njema humfanya ya pili iwe nzito zaidi. Aliyemtuma hakutuma malaika; alimtuma mtoto wake. Aseme mapema, kwa mzazi na kwa mshauri wa wanafunzi chuoni, maana shida iliyosemwa mwezi wa kwanza hutibika kuliko ile iliyofichwa mwaka mzima.

Wangari alisoma elimu ya viumbe, akaendelea na masomo huko Pittsburgh, akarudi Kenya mwaka 1966. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement, wanawake wakapanda miti; na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nendeni salama, vijana. Jembe mtakalopewa huko lishikeni kwa mikono miwili, na mkirudi, rudini mkijua kulima.