Sanduku moja kwa wanafunzi wetu wote: historia ya undugu wa chuo kikuu

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama na wafadhili, Goma



Tuliombwa kusema juu ya vyama vya undugu vya wanafunzi wa chuo kikuu. Wengine watauliza: hiyo inatuhusu nini, sisi tuliorudi na kukuta mashamba imejaa magugu? Inatuhusu sana. Leo kuna pendekezo mezani: kila kijiji kifungue mutualite yake kwa wanafunzi walio hapa Goma, na pesa ya chama igawanywe kufuatana na asili ya kila mtoto. Mbele ya kupiga kura, ni vizuri tujue waliotutangulia walifika wapi na njia hiyo.

Undugu wa wanafunzi unazaliwa na shida. Mwaka 1906, kwenye chuo kikuu cha Cornell, Marekani, wanafunzi 7 weusi walianzisha Alpha Phi Alpha. Walikuwa wachache sana kati ya wazungu, basi wakakaa pamoja, wakasoma pamoja, wakasaidiana. Mwaka 1908, kwenye chuo cha Howard, Washington, wasichana nao wakaanzisha chao, Alpha Kappa Alpha. Majina ni ya Kigiriki, lakini kazi yenyewe mama zetu wanaijua: kusimamishana, sawa vile likirimba.

Kwetu Kongo, Lovanium ilifunguliwa Kinshasa mwaka 1954, na chuo cha Lubumbashi mwaka 1956. Majina hayo ya miji ni ya leo. Wakati ule ilikuwa Léopoldville na Elisabethville. Wabeleji walikuja na desturi zao. Mwanafunzi mpya aliitwa « bleu ». Sherti apite kwenye ubatizo: kuchekwa, kuamrishwa hivi na vile, halafu kupokelewa. Mwanaume akawa « poil », maana yake unywele; mwanamke akawa « plume », unyoya. Hayo manyoya yalikuwa machache kweli. Sophie Kanza, mwanamke wa kwanza wa Kongo kumaliza chuo kikuu, alimaliza Lovanium mwaka 1964. Miaka miwili nyuma akawa waziri.

Ubatizo huo ulikuwa na pande mbili. Uliunganisha, kwa sababu bleu wa Kivu na bleu wa Kasai walichekwa pamoja, wakatoka marafiki. Lakini ulifundisha pia kwamba aliyetangulia ana ruhusa ya kumtesa anayekuja.

Kisha uhuru, wanafunzi walitafuta kitu kikubwa zaidi. Mwaka 1961 walianzisha UGEC, umoja wa wanafunzi wa Kongo nzima, pamoja na wale waliosoma ng'ambo. Lakini serikali haikuupenda, na mwaka 1968 UGEC ikapigwa marufuku. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Kinshasa waliandamana. Walitaka bursi iongezwe na sauti yao isikiwe katika uongozi wa chuo. Askari walifyatua risasi, vijana wakafa. Juni 1971, wale wa Lovanium walipotaka kukumbuka wafu wao, Mobutu aliwaingiza jeshini kwa nguvu. Mwaka huo huo vyuo vikuu vitatu vya nchi vilifanywa kimoja, UNAZA. Kwa vijana ilibaki JMPR tu, yaani mkono wa chama cha dola.

Hapa njo tunaona funzo la kwanza. Mwanafunzi akinyimwa chama cha wote, habaki peke yake. Anaenda kwa watu wa kwao. Mutualite za provinsi, za teritware, za lugha moja, zilishika nafasi. Na hatuzisemi vibaya: zilipokea mgeni aliyeshuka kwenye treni bila kujua mtu, zikampa sahani ya fufu, zikachanga pesa ya kusafirisha maiti. Hiyo ni kazi takatifu.

Lakini mtu akifungiwa ndani ya kundi la asili yake, siku moja mwingine atamhukumu kwa asili hiyo hiyo. Lubumbashi ilionyesha. Mwaka 1990, wanafunzi wa kwao Mobutu walishukiwa kuwa wapelelezi wa utawala, wakapigwa na wenzao. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, watu wenye silaha waliingia ndani ya homu za wanafunzi, wakaua. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Ubeleji ilidai uchunguzi wa kimataifa, Mobutu akakataa, na ushirikiano wa nchi hizo mbili ukakatika. Watoto waliokula kwenye kantini moja walikuwa wameanza kuulizana: wewe wa wapi?

Sasa tuje Goma. ULPGL ilianza mwaka 1985. UNIGOM ilianza mwaka 1993 kama tawi la chuo cha Kisangani, na mwaka ule ule damu ilimwagika Masisi, kuanzia Ntoto. Wazee walio hapa hawahitaji tuwaeleze zaidi. Wanajua namna gani swali « wewe wa wapi? » linaweza kutoka shuleni likafika sokoni, na toka sokoni likafika kwenye panga.

Mwanafunzi wa Goma, mara mingi, hana homu. Anakodi chumba Ndosho, Katoyi ao kwingine, na kodi ile inatoka kwenye maharagi na viazi vya wazazi. Mwaka 2025, makambi ya pembeni ya mji yalipovunjwa, wazazi wengi walirudi Masisi, Rutshuru na Nyiragongo. Watoto wakabaki huku. Shamba halijatoa kitu, mabenki yalifunga milango, na minervali haingojei mavuno. Msichana aliyekosa kodi ya miezi mitatu anajua nani atakuja kumpa « msaada », na kwa bei gani.

Wanaounga mkono pendekezo wana sababu. Wanasema: mtoto wa kijiji chetu tunamjua, baba yake tunamjua, deni litarudi. Ni kweli, na hatutaki kupoteza hiyo. Kwa hiyo tunaomba kijiji kibaki shahidi, lakini sanduku liwe moja. Kamati ya kijiji ithibitishe mtoto ni nani na familia iko katika hali gani. Kisha hapo, asiulizwe tena asili yake.

Namna ya kufanya, mama zetu wa MUSO wanaijua tayari. Sanduku la kijani ni la akiba na mikopo midogo, kwa mfano kodi ya mwezi. Sanduku jekundu ni la dharura: ugonjwa, matanga, kufukuzwa nyumbani. Sanduku la bluu ni la pesa inayotoka inje. Wafadhili, yenu iingie humo, isichanganywe na jasho la wanachama. Funguo tatu, watu watatu, vijiji vitatu tofauti. Hesabu isomwe kwa Kiswahili mbele ya wote kila miezi mitatu.

Tunaongeza mambo mawili. La kwanza: hakuna kumpiga wala kumhaibisha mtoto mpya. Ubatizo wetu uwe kumwonyesha maktaba, kituo cha afya, na mwenzake wa kalasi. La pili: wasichana wawe na kundi lao na kiongozi wao, na sahihi yake iwe lazima kwenye sanduku jekundu. Msichana hataeleza shida ya kodi mbele ya wanaume kumi.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Tukiwa na vijisanduku kumi na viwili, kila kimoja kitakuwa na pesa ya kununua daftari, na hakuna kimoja kitakachomfikisha mtoto kwenye diploma. Tena tutakuwa tumewafundisha watoto wetu, kwa mikono yetu, kuulizana lile swali.

Karatasi za kura ziko kwa katibu. Tunaomba mkate hilo pendekezo, na mpitishe sanduku moja.