Mwanafunzi Mgeni Katika Wodi Zetu

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)

Mmekuja wengi na barabara ni matope matupu. Asanteni.

Tuliombwa tuzungumze juu ya wanafunzi wa udaktari wanaotoka ng'ambo kuja kujitolea katika hospitali za huku kwetu. Wageni hospitalini si jambo jipya. Mlima wetu umezungukwa na hospitali zilizoanzishwa na wamisheni: Mathari hapa Nyeri, Tumutumu kule Karatina, na Chogoria upande wa pili wa mlima, ambako Dakta Archibald Irvine kutoka Uskoti alianza kazi mwaka 1922. Siku hizi madaktari na wauguzi ni watoto wetu, lakini wageni bado wanakuja. Katika vyuo vya Uingereza, mwanafunzi anayekaribia kumaliza hupewa wiki kadhaa akajifunze popote duniani, na wengi huchagua Afrika.

Basi siku yake huwaje, katika hospitali isiyo na vitu vya kutosha? Saa mbili asubuhi anaingia wodini nyuma ya daktari. Anakuta wagonjwa wawili kitanda kimoja, huyu kichwa huku, yule kichwa kule. Anauliza mashine ya presha, anaambiwa iko wodi ya wanaume, angoje. Saa nne mtoto anahitaji dawa, stoo haina, baba anaandikiwa karatasi aende kemisti. Baba ana nauli ya kurudi nyumbani tu. Hapo mgeni anatia mkono mfukoni. Hatumlaumu, hata sisi tungefanya vivyo hivyo. Lakini vitanda vile vingine vyote vinamtazama, na baada ya wiki sita ataabiri ndege.

Sasa sikilizeni hapa. Mchana wodi imejaa, muuguzi yuko peke yake, na kuna kijana amesimama na koti jeupe. Ni rahisi sana mtu aseme, "Hebu shona hicho kidonda." Huko kwao asingeachiwa kazi hiyo bila msimamizi. Kwa nini basi mguu wa mtu wa Othaya au Mukurwe-ini uwe ndio wa kujaribia?

Koti jeupe si cheti. Hata daktari kamili kutoka nje hawezi kutibu Kenya mpaka apate leseni ya baraza la madaktari. Mwanafunzi hana leseni, kwa hivyo anashika mgonjwa mbele ya macho ya mwenye leseni. Na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe atakalofanyiwa, akubali, ndipo afanyiwe, isipokuwa ile dharura ambayo kungoja kungemletea madhara. Kwa hivyo, mama, uliza kwa heshima: "Wewe ni daktari ama bado unasoma? Anayekusimamia ni nani?" Mwenzetu mmoja alitaka kujua kama akikataa atafukuzwa. La. Kukataa kuguswa na mwanafunzi si kukataa matibabu. Mambo ya picha ni hivyo hivyo. Mtoto wako akiwa amelazwa hana nguo, mtu asimpige picha akawaonyeshe marafiki bila wewe kukubali.

Hayo yote yanawahusu pia wanafunzi wetu wenyewe, wale wa KMTC Nyeri na vyuo vya uuguzi vya Mathari na Tumutumu. (Hawa wanapita wodi zile zile, tena wanaelewa cucu akisema anaumwa wapi, lakini hatujasikia wakichinjiwa kuku.)

Je, tusimpokee mgeni? Tumpokee. Ana mikono, ana wakati wa kukaa na mgonjwa na kumsikiliza, na macho yake hayajazoea yale sisi tumeyazoea. Kikundi kikimwalika chai, kimwulize: leo ni nini kilikosekana? Majibu mengine si ya mifuko yetu. Dawa na wauguzi katika hospitali za serikali ni kazi ya kaunti tangu 2013, na huko tupeleke barua, na mwakilishi wa wadi apewe nakala.

Majibu mengine ni yetu kabisa. NHIF ilikwisha, na tangu Oktoba 1, 2024 ni SHA. Kujiandikisha peke yake hakutoshi kwa kulazwa, lazima mchango uwe umelipwa. Kwa asiye na mshahara kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini hutakiwa mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600, na hapo ndipo wengi hukwama. Merigoraundi inayonunua vyombo inaweza kuzungusha hiyo kwanza, nyumba moja baada ya nyingine.

Na damu. Hakuna mgeni anayeweza kuibeba ndani ya sanduku. Mama akivuja damu baada ya kujifungua, anayemwokoa ni mtu aliyetoa damu kabla ya siku hiyo, maana ni lazima ipimwe kwanza, na ikishawekwa kwenye friji haikai sana zaidi ya mwezi mmoja. Kwa hivyo kikundi kisiende wote siku moja kisha kinyamaze mwaka mzima. Gawanyeni zamu. Anayetoa awe mzima na asipungue kilo 50. Mwanamume anaweza kurudi baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4. Na siku hiyo msije na njaa, kunyweni chai nyumbani kwanza.