Saa za Masomo ya Mtandaoni Zinatoka Wapi?

Ndugu zangu wa Tabora, wengi mnaniuliza mimi niliye huku Uingereza: nikisoma kwa mtandao, nitatumia muda mchache kuliko darasani? Mmeambiwa mtasoma "kwa muda wenu", mkadhani muda wenyewe ni mdogo.

Hapana. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na mwaka wa shahada ni krediti 120. Hizo ni saa 1,200. Huku Uingereza hesabu ni hiyo hiyo. Ukae darasani, ukae sebuleni, saa hazipungui.

Tofauti ni nani anazilinda. Ukiaga kwamba unakwenda chuo, hakuna atakayekutuma sokoni. Ukisomea nyumbani, kwa macho ya watu una nafasi. Mgeni akipiga hodi, utafungua wewe. Dada zetu ndio wanaoumia zaidi, maana jiko na watoto havina likizo.

Tazama na kazi yenyewe. Mhadhara uliorekodiwa wa dakika 50 hauishi kwa dakika 50: unasimamisha, unarudisha nyuma, unaandika, bando linakata, unaanza tena. Hoja ambayo darasani ungeisema mara moja ukakaa, kwenye mjadala wa mtandaoni unaiandikia aya nzima, kisha unasoma za wenzako na kuwajibu. Na mnaosoma vyuo vya huku mkiwa Tabora, kipindi cha saa kumi na mbili jioni ya London, majira ya baridi, kwenu ni saa tatu usiku.

Mnachookoa ni nauli na safari, na hilo si dogo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, kimewafaa sana wenye kazi na familia, na kina kituo Tabora. Ila mwenye ajira simshauri abebe mzigo kamili. Nusu ya mzigo huo, krediti 60, ni saa 600. Ukizigawa kwa wiki 40, ni saa 15 kila wiki.

Kwa hiyo kabla ya kulipa ada, kaa na mwenzako na watoto, mzitafute hizo saa 15: alfajiri zipi, jioni zipi, nani atapika, nani atapokea wageni. Ziandikeni, mzibandike ukutani. Zisipopatikana zote, kiulize chuo mapema kama unaweza kupunguza masomo muhula huu.