Nguo Zinazokupwaya

Umepungua mwili, labda kwa agizo la daktari, na nguo za zamani zinakupwaya. Wazifungia sandukuni ukisema, "Huenda nikanenepa tena." Je, sanduku huvaa suruali?

Novemba 2023 Mto Tana ulifurika, na jamaa nyingi za Garissa na Madogo, ng'ambo ya daraja, zikahama nyumba zao. Dorkasi wa Yafa aliwashonea wajane kanzu na mavazi ya kuvalika (Matendo 9), si matambara.

Bakiza moja, fundi akupunguzie. Zilizosalia zifue, shona vifungo, mpelekee jirani, awe wa kanisani au wa msikitini. Zipeleke leo jioni, kabla moyo haujageuka.