Wimbo ukipigwa, tuulizane kwanza

Maneno yaliyotolewa mbele ya familia za wakimbizi wa ndani, familia zilizowapokea na viongozi wa mitaa, Kindu, Maniema



Leo hatutasema juu ya mashamba wala msaada wa chakula. Tutasema juu ya muziki. Pengine mtajiuliza: mtu aliyelala njaa, muziki unamhusu nini? Lakini katika parseli nyingi za mji huu tumeona ugomvi ukizaliwa na wimbo. Tumeona pia watu wasiosalimiana wakianza kuzungumza kwa sababu ya wimbo. Kwa hiyo jambo hili ni la amani.

Katika vikundi vyetu vya kusikiliza, upande wa Kasuku na ng'ambo ya mto huko Alunguli, tulichukua simu moja yenye huduma ya muziki ya intaneti. Nyimbo tulikuwa tumezipakua mapema, kwa maana mega ni ghali. Tuliunganisha simu na bafle ndogo, kisha tukaiacha ichanganye nyimbo yenyewe, za zamani na za sasa, za dunia na za kanisa. Hakuna mtu aliyechagua. Hilo lilisaidia sana. Wimbo ukichaguliwa na mtu, wengine humtazama yeye: ana nia gani, ni wa kabila gani, anamcheka nani? Wimbo ukiletwa na simu, hakuna wa kushutumiwa. Baada ya kila wimbo tuliuliza swali moja tu: wimbo huu umekuletea nini?

Siku moja simu ilileta « Indépendance Cha Cha » ya Grand Kallé na African Jazz. Wimbo huo ulizaliwa Brussels mwaka 1960, wakati wa Mkutano wa Meza ya Duara uliopanga uhuru wa nchi yetu. Vijana walicheka na kucheza. Mzee mmoja alitikisa kichwa, hakucheza. Tulipomuuliza alisema: wimbo huu unawataja pamoja Kasavubu, Lumumba, Kalonji na Tshombe, kama watoto wa nyumba moja, lakini hesabuni miezi iliyofuata. Tulihesabu pamoja. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai Katanga ilijitenga, na mwezi wa Agosti Kasai ya Kusini ikafuata. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliingia hapa Kindu. Mzee alisema: ninyi mnasikia sherehe, mimi nasikia ahadi isiyotimizwa. Vijana walinyamaza, kisha mmoja akamwomba aendelee kusimulia. Kijana huyo alikuwa mkimbizi, na mzee ni mwenyeji.

Siku nyingine ilikuja « Masanga » ya Mwenda Jean Bosco, iliyorekodiwa mwaka 1952 huko Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Ni muziki wa gitaa wa kwetu Kongo. Baba mmoja alikumbuka jamaa zake waliopanda gari moshi kwenda Katanga kutafuta kazi za migodi, wengine wasirudi. Mama wa Kabambare alisema marehemu mume wake alijua kupiga gitaa namna ile, na akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la kwanza tuliloliona kwake.

Lakini wimbo uliotufundisha zaidi ulikuwa wa kucheza, wa mwendo mkali, ambao kila mtu mjini anaujua. Ulipoanza, mama mmoja mkimbizi alisimama akasema kwa sauti: zimeni! Mama mwenye parseli aliudhika. Alisema: tumewapa mahali pa kulala, sasa mnatukataza hata kufurahi kwetu? Wengine waliitikia. Maneno ya namna hii, tunayajua, ndiyo yanayofanya familia ifukuzwe kesho yake asubuhi na mizigo kichwani.

Hatukuzima mara moja, wala hatukuongeza sauti. Tulipunguza, tukauliza lile swali letu. Mama alikaa kimya muda mrefu. Kisha alieleza: usiku walipokimbia, watu wenye silaha walikuwa wanapiga wimbo huo barabarani huku wakivunja milango. Tangu siku ile, ukianza tu, miguu yake inataka kukimbia kabla kichwa hakijafikiri. Mama mwenye parseli alishika mdomo. Alijibu: mimi wimbo huo ulipigwa kwenye ndoa ya binti yangu.

Oneni basi: wimbo ni ule ule. Mmoja anasikia ndoa, mwingine anasikia milango ikivunjwa. Hakuna anayesema uongo. Mwenyeji hakuwa na roho mbaya, na mgeni hakuwa na kiburi. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza.

Kuna wanaotuambia: basi tukataze muziki mahali walipo wakimbizi. Sisi hatukubali. Rumba ya Kongo iliandikwa na UNESCO mwezi wa Desemba 2021 katika urithi wa wanadamu wote. Ni mali yetu, na aliyepoteza nyumba asinyang'anywe na furaha. Lakini tusiseme pia kwamba wimbo ni sauti tu, hauna nguvu. Kumbukeni jirani zetu wa Rwanda. Nyimbo za Simon Bikindi zilitumiwa mwaka 1994 katika propaganda ya chuki juu ya Watutsi. Mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimhukumu miaka 15 mwezi wa Desemba 2008. Hata hivyo, hawakumhukumu kwa ajili ya nyimbo zenyewe, bali kwa maneno aliyoyatoa kwa kipaza sauti barabarani, akihimiza watu kuua. Tuchukue fundisho hilo: tutenganishe wimbo unaomuumiza mtu kwa sababu ya kumbukumbu zake, na maneno yanayoita watu kuua wenzao. La kwanza linahitaji masikio na huruma. La pili ni kosa, na kiongozi anayelisikia akinyamaza, amekubali.

Kwa hiyo tunawaomba mambo manne.

Kwanza, mtu akisema « zimeni », punguzeni sauti kwanza, halafu ulizeni kwa upole. Asipotaka kueleza, msimlazimishe. Kidonda hakifunguliwi mbele ya watu.

Pili, ninyi wenyeji, mkiwa na ndoa au sherehe, wajulisheni wageni wenu mapema. Yule mama wa parseli anafanya hivyo sasa: siku ya muziki anamwambia mgeni wake, naye anakwenda kushinda kwa dada yake wa kanisa. Muziki unapigwa, na wanabaki chini ya paa moja.

Tatu, ninyi wakimbizi, msikae na uchungu ndani hadi ugeuke matusi. Mwambieni mtu mmoja mnayemwamini ni sauti gani inawarudisha usiku ule. Na fundisheni nyimbo zenu za kwenu, za kulima, za kubembeleza mtoto. Watoto waliozaliwa njiani hawazijui.

Nne, ninyi viongozi, kabla hamjakata neno juu ya ugomvi wa kelele katika parseli, sikilizeni pande mbili kila upande peke yake. Mara nyingi mtakuta kesi si ya kelele.

Mashine inachanganya nyimbo bila kujua nani ameketi mbele yake. Vita navyo vimetuchanganya hapa Kindu, watu wa Kabambare, wa Punia, wa Walikale na wenyeji wa mto huu, bila kutuuliza. Lakini sisi si mashine. Sisi tunaweza kumtazama aliye mbele yetu na kumuuliza: ndugu, umesikia nini?

Sasa tunawaachia neno.