Nia Peke Yake Haivushi Mtumbwi

(Hotuba ya mjumbe wa kamati, mzaliwa wa Rumonge, katika sherehe ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni)



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya nia. Kambini hapa sijaona mtu asiye na nia njema. Huyu anataka kusoma, yule anataka cherehani, mwingine anataka kurudi kwao. Lakini mwaka unakwisha, na nia ile ile tunaibeba kuingia nayo mwaka mwingine. Kwa nini?

Sisi wa pwani ya Tanganyika, kuanzia Rumonge mpaka Nyanza-Lac, tumelelewa na ziwa na mchikichi. Wavuvi wa ndagala huvua usiku kwa taa. Mwanga huwavuta samaki, kisha wavu huinuliwa. Mwezi ukiwa mpevu, taa haina nguvu, na mitumbwi hupumzika. Nilipokuwa mtoto nilidhani siku hizo ni za kulala. Baba akaniketisha penye nyavu, akanipa sindano na uzi. Akasema giza litarudi bila kutuuliza kama tuko tayari.

Ndugu zangu, kambi ni mbalamwezi yetu. Je, tunashona nyavu, au tunalala?

Nitawapa kisa changu bila kuficha aibu. Tarehe 29 Aprili 1972 machafuko yalipoanza Rumonge na Nyanza-Lac, nilikuwa na miaka minane. Watu wengi waliuawa, na katika mauaji yaliyofuata nchini wakafa wengi zaidi. Tukavuka ziwa hadi Kigoma, baadaye tukapelekwa Ulyankulu, mkoani Tabora. Huko nilikaa miaka mingi, na kila jioni nilisema: nitarudi nichukue shamba la baba.

Mwaka 2008 nilirudi. Shamba lilikuwa na watu wengine, na michikichi yao imekomaa. Sheria ya ardhi ya mwaka 1986 ilimpa nguvu mtu aliyekaa mahali miaka thelathini. Kwa upande mwingine, Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulisema mkimbizi arudishiwe mali yake au alipwe fidia ya haki. Mwaka 2006 ilikuwa imeundwa tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine, ili kusikiliza mashauri kama yetu.

Nikaulizwa: mpaka wako ulipita wapi? Jirani wa juu alikuwa nani? Nani aliye hai anayekumbuka? Sikuwa na jibu. Baba alikuwa amefariki Ulyankulu, na katika miaka yote ile sikumwuliza hata siku moja. Nilikuwa na nia ya miaka thelathini na sita, na mikono mitupu.

Mama mmoja mjane, tuliyesafiri naye, alikuwa na daftari la shule. Kule makazini alikuwa akienda kwa wazee kila Jumapili baada ya ibada, na kila mara aliuliza jambo moja: jina la jirani, kijito, mti wa mpakani, nani alimwuzia nani. Aliandika kwa kalamu ya risasi. Siku ya shauri alisoma daftari lake, na majirani wakakiri. Alikubali kugawana shamba na familia aliyoikuta, akapanda michikichi yake. Nia yake na yangu zilikuwa moja. Tofauti yetu ilikuwa ile Jumapili.

Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, aliandika mwaka 1999 kwamba mtu anayepanga atafanya nini, lini na wapi hutimiza zaidi kuliko yule anayesema tu kwamba anataka. Yule mama hakusoma makala hiyo, lakini aliitenda.

Basi nawaombeni mambo matatu.

Kwanza, chagua jambo moja. Mwenye malengo kumi hana hata moja. Usiseme "nataka maendeleo". Sema "nataka kujua kukata na kushona sare ya mtoto".

Pili, lipe siku na mahali. "Jumanne, nikitoka kuchota maji, nitakwenda kwa fundi." Mkulima wa mchikichi anajua hesabu hii: mche hukaa kitaluni karibu mwaka mzima, na hata mbegu bora ya tenera hungoja kama miaka mitatu shambani kabla ya kuzaa. Asiyeotesha leo asitegemee mawese kesho.

Tatu, mwambie mtu mmoja akuulize. Aibu ya kuulizwa ni msaada mkubwa.

Na wazazi, leo hii waulizeni wazee wenu. Andikeni majina, vilima na mipaka. Tunzeni vyeti vya kuzaliwa vya watoto mahali pasipoingia mvua. Awe anarudi au harudi, mtoto anahitaji kujua alikotoka.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika: mkimbizi akija kwenu, msimwulize tu anahitaji nini. Mwulizeni pia ameanza nini, kisha mumsaidie pale alipofikia. Sisemi kwamba juhudi inashinda vita, au inajaza mgao uliopungua. Mwaka 2015 nilikimbia tena, na juhudi zangu hazikuzuia hilo. Lakini safari hii nilivuka na daftari mfukoni.

Waswahili husema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tuiname, ndugu zangu, tuanze wiki hii.